Je, Wajua? Wasichana, Uchumi na Vyama Vyao Vyuoni

Je, wajua kwamba Tuzo ya Nobel ya Uchumi ilianza kutolewa mwaka 1969, na ikapita miaka 40 kabla mwanamke hajaipata? Wa kwanza alikuwa Elinor Ostrom wa Marekani, mwaka 2009. Akafuata Esther Duflo, mzaliwa wa Ufaransa, mwaka 2019. Wa tatu ni Claudia Goldin, mwaka 2023, naye ndiye mwanamke wa kwanza kuichukua bila kugawana na mwanamume yeyote. Hadi mwisho wa 2024 washindi walikuwa 96. Wanawake ni hao watatu tu.

Je, wajua kwamba huyo Ostrom alikataliwa kusomea uzamivu wa uchumi? Akiwa sekondari alizuiwa kuchukua trigonometria, kwa kuwa msichana ambaye hakupata alama za juu kabisa katika aljebra hakuruhusiwa kuendelea. Miaka ikapita, akaomba nafasi ya uchumi katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, akaambiwa hisabati yake haitoshi. Akasomea sayansi ya siasa. Alipokuwa akitafuta kazi, waajiri walitaka kujua kama anaweza kupiga taipu na kuandika hati mkato. Mtu huyohuyo ndiye aliyekuja kuwaonyesha wachumi jinsi wanakijiji wanavyoweza kutunza maji, misitu na samaki wao kwa kanuni walizojiwekea wenyewe. Mtandao wake wa utafiti wa misitu ulifika hadi Kenya, Uganda na Tanzania.

Safu ya leo ni ya vyama vya wanafunzi vinavyowashika mkono wasichana wanaosoma uchumi. Nimefuatilia habari za wanawake wengi wa fani hii na nimeona jambo moja likijirudia: somo halikuwashinda. Walikwama mlangoni, na mara nyingi aliyeusukuma mlango alikuwa mwanafunzi mwenzao.

Je, wajua kwamba mwaka 1874 Mary Paley alifanya mtihani wa mwisho wa Cambridge, akafaulu, na hakupewa shahada? Watahini wake walikuwa wanne. Wawili walisema anastahili daraja la kwanza, wawili wakasema la pili. Alikuwa miongoni mwa wasichana watano wa mwanzo wa Newnham, nyumba ya wanafunzi wa kike iliyokuja kuwa chuo. Watano hao ndio waliokuwa darasa lake, chama chake na watu wake wa kumtia moyo.

Na wajua nini kilimpata baadaye? Aliolewa na Alfred Marshall, mchumi aliyekuwa akipanda kwa kasi. Wakaandika kitabu pamoja, kikatoka mwaka 1879, na baadaye mume akakiacha kipotee sokoni. Walipohamia Bristol, Mary alifundisha uchumi chuoni, na malipo yake yakakatwa kwenye mshahara wa mumewe. Kura ya kuwapa wanawake shahada za Cambridge ilipokaribia katika miaka ya 1890, Marshall alikuwa upande wa wapinzani. Aliwafundisha wanawake, aliandika na mwanamke, alikula meza moja na mwanamke msomi, na bado akapinga. Mume alipofariki mwaka 1924, Mary aliihudumia maktaba ya uchumi yenye jina la Marshall kwa takriban miaka 20, wanafunzi wakimwona kila siku akiwa bibi kizee kati ya vitabu. Alifariki mwaka 1944, akiwa na umri wa miaka 93, na Cambridge ilikuwa bado haijaanza kuwapa wanawake shahada.

Kura yenyewe ilipigwa Mei 1897. Waliokataa walizidi 1,700, waliokubali walikuwa mia sita na ushee. Siku hiyo wanafunzi wa kiume walining'iniza juu ya barabara sanamu ya mwanamke aliyepanda baiskeli, na matokeo yalipotangazwa wakairarua kwa shangwe. Wanawake walianza kupewa shahada kamili za Cambridge mwaka 1948. Hesabu mwenyewe: kutoka Mary Paley hadi hapo ni miaka 74.

Wakati huohuo London School of Economics, iliyoanzishwa mwaka 1895, ilipokea wanawake tangu siku ya kwanza. Beatrice Webb alikuwa miongoni mwa waanzilishi. Kwa hiyo haikuwa lazima mambo yawe kama Cambridge, hata kwa enzi ile.

Je, wajua kwamba Joan Robinson, mmoja wa wachumi wakubwa wa karne ya 20, alimaliza masomo Cambridge mwaka 1925 bila shahada kamili kwa sababu hiyohiyo? Kitabu chake cha 1933 kilieleza soko lenye mnunuzi mmoja mwenye nguvu, anayeweza kupanga bei au ujira apendavyo. Mkulima wa pamba ambaye wilaya yake nzima ina mnunuzi mmoja anaifahamu hali hiyo bila kufungua kitabu. Robinson alipata uprofesa mwaka 1965 na akafariki mwaka 1983. Nobel hakupewa, na mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba alidhulumiwa.

Sasa tuvuke bahari. Je, wajua ni nani Mwamarekani Mweusi wa kwanza kupata uzamivu wa uchumi? Ni mwanamke: Sadie Tanner Mossell, wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mwaka 1921, akiwa na umri wa miaka 23. Tasnifu yake ilichunguza maisha ya familia 100 za Weusi waliohamia Philadelphia kutoka Kusini: wanakula nini, wanalipa kodi ya nyumba kiasi gani, kipato kinatosha wapi na kinapwaya wapi.

Je, wajua kwamba alipokuwa akiandika tasnifu hiyo alikuwa pia kiongozi wa chama cha wanafunzi wanawake? Chama hicho ni Delta Sigma Theta, kilichoanzishwa na wasichana 22 wa Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1913. Sadie akawa rais wake wa kwanza wa kitaifa mwaka 1919. Naomba msomaji alitulize jicho hapa kidogo. Katika chuo ambako wanafunzi wenzake weupe hawakutaka hata kukaa naye, alikuwa na dada zake wa chama waliotawanyika katika vyuo vingine. Anayedhani vyama vya wanafunzi ni mchezo wa kupoteza muda wa kusoma na aitazame ratiba ya Sadie: mchana maktaba, jioni mikutano, na uzamivu ukapatikana.

Na baada ya uzamivu? Philadelphia nzima haikumpa kazi ya uchumi. Alikwenda Durham, Carolina Kaskazini, kwenye kampuni ya bima ya Weusi, akawa msaidizi wa mtaalamu wa hesabu za bima. Alirudi, akaolewa na wakili Raymond Alexander mwaka 1923, akaingia shule ya sheria ya chuo kilekile na kuhitimu mwaka 1927, mwanamke Mweusi wa kwanza kufanya hivyo hapo. Dunia ikamjua kama wakili. Rais Truman alimteua kwenye kamati yake ya haki za kiraia mwaka 1946. Uchumi wake ulibaki kwenye hotuba zilizojaa vumbi, mpaka mchumi Nina Banks alipozikusanya na kuzitoa kitabu mwaka 2021, miaka 100 kamili baada ya ule uzamivu.

Je, wajua kwamba jina la Sadie leo liko kwenye chama kilichoanzishwa na wasichana wawili vijana? The Sadie Collective ilianza mwaka 2018. Waanzilishi ni Anna Gifty Opoku-Agyeman, mwenye asili ya Ghana, aliyekuwa bado mwanafunzi wa hisabati wa shahada ya kwanza huko Maryland, na Fanta Traore, aliyekuwa msaidizi wa utafiti katika benki kuu ya Marekani. Waliona kila mkutano wa wachumi wanaoingia, wasichana Weusi ni wa kuhesabu kwa vidole. Hawakungoja profesa awaundie kamati. Mwanzoni mwa 2019 waliitisha kongamano lao la kwanza mjini Washington, wakawakutanisha wanafunzi na wachumi wenye kazi na waajiri.

Kinachonivutia zaidi ni kazi ambazo chama kama hicho huzifanya kati ya kongamano moja na jingine. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaambiwa mapema kwamba anayetaka uzamivu wa uchumi achukue kalkulasi na aljebra ya mstari sasa, asingoje mwaka wa mwisho. Anafundishwa kuandika barua ya kuomba nafasi ya msaidizi wa utafiti. Anaelezwa kwamba kazi hiyo ya miaka miwili ndiyo ngazi wanayopandia wengi wanaoingia vyuo vikubwa. Haya mambo mtoto wa profesa huyasikia mezani kwao. Mtoto wa mama muuza mitumba huyasikia kwenye chama, au hayasikii kabisa.

Je, wajua kwamba hata maprofesa wa kike walilazimika kujiunda? Desemba 1971, kwenye mkutano wa chama cha wachumi wa Marekani uliofanyika New Orleans, wanawake walikutana kando na kuandaa azimio lililosema kwamba uchumi si uwanja wa wanaume peke yao. Walitaka nafasi za kazi zitangazwe wazi badala ya kupitishwa kwa simu kati ya marafiki. Kamati iliyozaliwa hapo iliongozwa kwanza na Carolyn Shaw Bell wa Wellesley, chuo cha wasichana, naye alikuwa mwalimu aliyejulikana kwa jinsi alivyowafuatilia wanafunzi wake hata baada ya kuhitimu. Mwaka huohuo wa 1971, Janet Yellen alipata uzamivu Yale, mwanamke pekee katika kundi lake. Baadaye akawa mwenyekiti wa benki kuu ya Marekani, kisha waziri wa fedha, na katika nafasi zote mbili alikuwa mwanamke wa kwanza.

Kamati hiyo ilikuja kufanya jambo linalofaa kuigwa. Tangu 2004 imeendesha semina za ulezi kwa wahadhiri wa kike wachanga, na kwa kuwa waombaji walizidi nafasi, waliingizwa kwa bahati nasibu. Kwa njia hiyo wakapata kipimo halisi cha ulezi wenyewe. Waliobahatika walichapisha zaidi na kupata fedha nyingi zaidi za utafiti kuliko waliokosa.

Je, wajua kwamba wasichana ni takriban theluthi moja tu ya wanaohitimu shahada ya kwanza ya uchumi Marekani, na kwamba hali imekwama hapo kwa zaidi ya miaka 20? Wengi hudhani kikwazo ni hisabati. Lakini wasichana wamesonga mbele sana katika hisabati na sayansi za baiolojia, wakati uchumi umebaki ulipo. Goldin alichimba zaidi akakuta jambo la kuumiza: msichana akipata alama ya wastani katika kozi ya kwanza ya uchumi, huondoka. Mvulana mwenye alama ileile hubaki. Alama ni moja, ila mmoja ameisoma kama hukumu.

Na vitabu je? Betsey Stevenson na Hanna Zlotnik walichambua vitabu vikuu vya kufundishia uchumi, utafiti wao ukatoka mwaka 2018. Kati ya watu wote wanaotajwa humo, wa kweli na wa kubuni, asilimia 77 ni wanaume. Msichana anafungua kitabu na kukuta mwenye kiwanda ni mwanamume, waziri ni mwanamume, mchumi ni mwanamume.

Je, wajua kwamba dakika 15 zinaweza kubadili jambo? Mwaka 2016, katika Southern Methodist University, Dallas, wachumi Catherine Porter na Danila Serra waliwaleta wanawake wawili waliohitimu uchumi chuoni hapo wazungumze na baadhi ya madarasa ya utangulizi wa uchumi. Kila mmoja alipewa muda mfupi tu, takriban robo saa, aeleze alikopitia. Madarasa mengine hayakupata wageni. Matokeo: kwa wasichana wa madarasa yaliyotembelewa, uwezekano wa kuchagua uchumi ulipanda kwa pointi 8 za asilimia, wakati kawaida yao ilikuwa asilimia 9 tu. Ni karibu maradufu. Wavulana hawakubadilika.

Lakini siri ya jaribio hilo, kwa maoni yangu, iko kwa waliochagua wageni. Wasichana wa mwaka wa mwisho wa chuo hicho walishirikishwa kuwateua. Wanafunzi walijua ni nani atakayewagusa wenzao, na halikuwa suala la nani ana cheo kikubwa zaidi. Kila chama cha wanafunzi kinaweza kufanya hivyo. Gharama yake ni nauli ya mgeni na chupa ya maji.

Na wajua kwamba barua pepe pia inasaidia? Vyuo tisa vidogo vya Marekani viliwaandikia wasichana na wanafunzi wa jamii zilizo pembezoni kabla hawajafika chuoni, vikiwaonyesha wachumi wa kila namna na masuala wanayoyatafiti. Walioandikiwa hivyo walisoma kozi ya uchumi kwa wingi zaidi kuliko wasioandikiwa. Wengi hufika chuoni wakidhani uchumi ni benki na soko la hisa basi. Hakuna aliyewaambia kwamba unahusu pia malaria, ndoa za utotoni, bei ya mahindi na foleni ya daladala.

Je, wajua kwamba Goldin mwenyewe aliongoza jaribio kubwa la kuwavuta wasichana? Lilianza mwaka 2015. Vyuo 20 vilichaguliwa kwa kura vipewe fedha kidogo na ushauri: anzisheni vyama, tafuteni walezi, badilisheni mifano ya darasani. Vyuo vingine vikabaki vya kulinganisha. Katika vyuo vidogo, ambako mwalimu humjua mwanafunzi kwa jina, wasichana waliongezeka. Katika vyuo vikubwa mabadiliko hayakuonekana, isipokuwa vile vilivyojipanga na kupima hatua zao vyenyewe. Nalisema hili kwa wanafunzi wa vyuo vyetu vyenye kumbi za watu mia tano: chama kikubwa chenye orodha ndefu ya majina hakitoshi. Kigawanyeni. Vikundi vya watu wanane wanaojuana, wanaosoma ekonometriki pamoja usiku wa kuamkia jaribio, ndivyo vinavyofanya chuo kikubwa kiwe kidogo.

Je, wajua kwamba mfano wa kuigwa unaweza kuwa kwenye sinema? Mchumi Emma Riley aliwapeleka wanafunzi wa sekondari wa Kampala sinema muda mfupi kabla ya mitihani ya taifa. Baadhi walitazama Queen of Katwe, habari ya kweli ya Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe aliyekuwa bingwa wa sataranji. Wengine walitazama filamu nyingine isiyohusiana. Waliomwona Phiona walifeli hisabati kwa uchache zaidi, na waliofaidika hasa walikuwa wasichana na wanafunzi waliokuwa nyuma.

Tukiwa Kampala: je, wajua kwamba Makerere ilipowapokea wanafunzi wake wa kwanza wa kike mwaka 1945 ilibidi ibadili kaulimbiu yake? Ile ya awali iliwahimiza wanafunzi wawe wanaume; mpya ikasema wanajenga kwa ajili ya siku zijazo. Na tangu 1990 Makerere huwaongezea wasichana pointi 1.5 wanapoomba nafasi. Ubishi juu ya pointi hizo haujaisha, lakini maelfu ya wanawake wamepita hapo.

India nako, katika vijiji vya Bengal Magharibi, sheria ilitenga baadhi ya nafasi za wakuu wa vijiji kwa wanawake, vijiji vyenyewe vikichaguliwa bila upendeleo. Esther Duflo na wenzake walikuta kwamba palipoongozwa na mwanamke kwa vipindi viwili, pengo la masomo kati ya wasichana na wavulana lilitoweka. Wazazi walianza kuwawazia binti zao makubwa, na mabinti nao wakajiwazia.

Haraka haraka sasa, kwetu. Nani mwanamke wa kwanza kuwa waziri wa fedha Tanzania? Zakia Meghji, 2006. Uganda? Syda Bbumba, 2009. Gavana wa kwanza mwanamke wa Benki Kuu ya Kongo? Malangu Kabedi Mbuyi, 2021. Wa Benki Kuu ya Rwanda? Soraya Hakuziyaremye, 2025. Mwanamke wa kwanza, na Mwafrika wa kwanza, kuongoza Shirika la Biashara Duniani? Ngozi Okonjo-Iweala wa Nigeria, 2021, aliyepata uzamivu MIT miaka 40 kabla ya hapo. Na Rais Samia Suluhu Hassan? Naye alisomea uchumi Manchester, ngazi ya stashahada ya uzamili.

Kwa Profesa Anna Tibaijuka nitakaa kidogo. Alisomea uchumi wa kilimo Sweden, akafundisha uchumi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akaongoza shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, lenye makao yake Nairobi, kwa takriban muongo mzima kuanzia 2000. Kabla ya hapo, katikati ya miaka ya 1990, alikuwa mwenyekiti wa Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA. Vilevile aliwajengea wasichana shule ya sekondari yenye jina la Barbro Johansson, mwalimu mzaliwa wa Sweden aliyeingia katika Bunge la Tanganyika. Wanaodai kwamba mchumi ni mtu wa jedwali tu hawajamtazama vizuri.

Nairobi pia ndiko yaliko makao ya mtandao wa utafiti wa uchumi wa Afrika, AERC, tangu 1988. Kupitia programu zake za uzamili na uzamivu wamepita wachumi wengi wa nchi zetu, wanawake wakiwemo. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu asiyejua kwamba kuna mlango huo anahitaji mtu wa kumwonyesha.

Je, wajua kwamba mwanafunzi wa shahada ya kwanza aliwahi kuwatikisa wachumi wa Marekani? Mwaka 2017 Alice Wu wa Berkeley aliandika tasnifu ya mwaka wa mwisho. Alikusanya jumbe zaidi ya milioni moja ambazo wachumi na wanafunzi wao waliandikiana mtandaoni kwa majina ya kujificha, akaipa kompyuta kazi ya kutafuta maneno yanayoandamana na wanawake na yale yanayoandamana na wanaume. Walipotajwa wanaume, mazungumzo yalihusu kazi na taaluma. Walipotajwa wanawake, yalihusu miili yao na mambo yao ya faragha. Wanawake walikuwa wakilalamika kwa miaka. Wu alileta ushahidi usiopingika. Mwaka uliofuata chama cha wachumi cha nchi hiyo kilipitisha kanuni za mwenendo kwa wanachama wake.

Na Heather Sarsons je? Akiwa mwanafunzi wa uzamivu Harvard alionyesha kwamba mwanamume akiandika makala na wenzake husifiwa sawasawa na akiandika peke yake. Mwanamke akiandika na wanaume, sifa huwaendea wao, naye hukosa ajira ya kudumu. Chini ya ukurasa wa kwanza Sarsons aliandika kwamba makala hiyo ameiandika peke yake kwa makusudi.

Erin Hengel naye alikuta kwamba katika jarida moja kubwa la uchumi makala za wanawake hukaa kwa wahakiki muda mrefu zaidi, hadi takriban nusu mwaka, ingawa zimeandikwa kwa lugha iliyo wazi zaidi. Watafiti wengine waliketi kwenye semina wakahesabu maswali: mzungumzaji mwanamke hukatizwa kwa maswali mengi zaidi. Ndiyo maana vyama vingine vya wanafunzi huwafanyisha wasichana mazoezi ya kuwasilisha utafiti mbele ya wenzao wanaouliza maswali makali kwa nia njema. Binti aliyeulizwa maswali 30 na rafiki zake Jumatano hatetemeki mbele ya jopo Ijumaa.

Je, wajua ni mchumi gani aliyepima M-Pesa ilivyobadili umaskini? Ni Tavneet Suri, Mkenya, profesa wa MIT, pamoja na William Jack. Utafiti wao wa 2016 ulikadiria kwamba huduma hiyo iliziinua kaya 194,000 za Kenya kutoka umaskini mkubwa, nafuu ikiwa kubwa zaidi kwa kaya zinazoongozwa na wanawake, na kwamba wanawake wapatao 185,000 waligeukia biashara kama kazi yao kuu. Na huko Bumala, karibu na Busia, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwafungulia wachuuzi akaunti za akiba zisizo na riba, tena zenye ada ya kutoa fedha. Akaunti mbaya, mtu angesema. Wanawake wa sokoni walizitumia na mitaji yao ikakua. Kwa wanaume wa bodaboda, hakuna kilichobadilika. Yeyote aliyewahi kucheza upatu anajua kwamba mama huweza kulipa ili fedha yake iwe mbali na mikono ya jamaa. Ila kuliweka hilo kwenye takwimu kulihitaji mtu wa kuwaza kuwauliza wanawake.

Je, wajua kwamba swali la thamani ya kazi ya mwanamke kijijini liliulizwa Afrika miaka ya 1940 na msichana aliyekuwa hajafika miaka 30? Phyllis Deane, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1918, alipewa kazi ya kukokotoa pato la taifa la Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, ndizo Zambia na Malawi za leo. Alikwenda vijijini mwenyewe. Aliporudi alisema si sahihi kuacha nje kuni zinazookotwa na chakula kinachopikwa, kwa kuwa bila hivyo hesabu ya kijiji haina maana. Ester Boserup wa Denmark akaandika mwaka 1970 kwamba kilimo cha sehemu kubwa ya Afrika kiko mikononi mwa wanawake, na wapangaji wa maendeleo wanawapelekea wanaume trekta. Mwaka 1988 Marilyn Waring, aliyekuwa ameingia bungeni New Zealand akiwa na miaka 23, akalifanya suala hilo kuwa la dunia nzima.

Je, wajua suala hilo limefikia wapi? Kanuni za kimataifa za 1993 zinaruhusu maji yaliyotekwa na kuni zilizookotwa kwa matumizi ya nyumbani kuingia kwenye pato la taifa. Kupika ugali kwa maji hayo na kuni hizo hakuingii. Wala kumwogesha mgonjwa, wala kumbeba mtoto. Utafiti wa Kenya wa 2021 kuhusu matumizi ya muda ulikuta wanawake hutumia takriban saa nne na nusu kwa siku kwa kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa, na wanaume chini ya saa moja. Kwa chama cha wanafunzi kinachotafuta mradi wa muhula, upo hapa: wanachama kumi wagawane kata kumi za mji wao, kila mmoja aulize kaya ishirini saa zao za jana, azizidishe kwa ujira wa saa moja wa mfanyakazi wa nyumbani wa mtaa huo, na jumla ipelekwe kwa mchumi wa halmashauri kabla bajeti haijasomwa.